Kihariri Kipenzi na Mipaka ya Jukwaa Lake

Anayeanza kujifunza kuandika programu huuliza mapema: nitumie zana gani? Majibu anayopewa hayapatani. Mmoja humwambia anunue Mac kabla hajaandika mstari wa kwanza. Mwingine humwambia zana haina maana, atumie yoyote iliyo karibu. Wa tatu humtajia kihariri anachokitumia mwenyewe na kuapa kwamba wengine wote wanapoteza muda. Mwanafunzi hutoka hapo akiwa na deni la kompyuta asiyoimudu, au akiwa na zana ambayo baadaye anagundua haiwezi kumfikisha alikokusudia.

Mkanganyiko huu hauwapati wanafunzi peke yao. Wasanidi programu waliokomaa hubishana juu ya jambo hilohilo, tena kwa ukali zaidi, kwa sababu wanabishania maswali matatu kana kwamba ni moja. La kwanza: zana yenyewe inaendeshwa kwenye mfumo gani? La pili: programu ninayoitengeneza itatumika wapi? La tatu: nani ana mamlaka ya kuibadilisha zana hii, kuifungia mlango au kuiacha ife? Msanidi anaweza kuwa salama kabisa kwenye swali la kwanza na akaangamia kwenye la tatu. Historia ya zana chache maarufu inaonyesha jinsi maswali haya yanavyoachana, na nani hulipa yanapoachana.

Mapenzi yaliyo vidoleni

Wanaoyaita mapenzi ya msanidi kwa kihariri chake ushabiki hawajaitazama kazi yenyewe. Msanidi hatumii siku nzima kuandika msimbo mpya. Sehemu kubwa ya muda wake huenda kwenye kusoma, kutafuta, kuruka kutoka faili moja hadi jingine na kurekebisha neno hapa na pale. Kwa aliyezoea zana yake, matendo hayo hayapiti tena kwenye fikra. Mikono huyatenda yenyewe, na akili hubaki kwenye tatizo. Fundi cherehani aliyezoea mashine yake hafikirii mguu unavyokanyaga pedeli, hufikiria mshono. Ukimbadilishia mashine ghafla, mteja ndiye atakayeona kola imepinda.

Mazoea ya namna hiyo hudumu kuliko vifaa vilivyoyazaa. Bill Joy alipotengeneza kihariri cha vi mwaka 1976 katika Chuo Kikuu cha California, Berkeley, alitumia terminali ya ADM-3A. Kibodi yake haikuwa na vitufe vya pekee vya mishale. Mishale ilichorwa juu ya herufi H, J, K na L. Terminali hiyo leo ni kitu cha makumbusho, lakini herufi hizo nne bado husogeza kielekezi kwenye kompyuta za watu waliozaliwa miongo miwili baada yake.

Sababu nyingine ya mapenzi hayo ni nafuu ambayo mtu haisahau. Mwezi Novemba 1983 kampuni ya Borland ilianza kuuza Turbo Pascal, kazi ya Anders Hejlsberg, kwa dola 49.95. Bei ilikuwa ndogo kwa zana ya aina hiyo wakati ule, lakini kilichowateka watu zaidi ni kwamba kihariri na kompaila vilikaa pamoja kwenye kumbukumbu ya kompyuta. Uliandika, ukabonyeza, programu ikaendeshwa. Waliozoea kungoja na kubadilisha diski hawakuhitaji kushawishiwa tena, na wengi wao waliifuata Borland hadi Delphi iliyotoka mwaka 1995.

Mapenzi hayo yakigonga ukuta wa jukwaa, mara nyingi huzaa zana mpya. Bram Moolenaar, Mholanzi aliyezoea vi kwenye Unix, alinunua kompyuta ya Amiga akakuta hakuna vi ya kumridhisha. Alichukua msimbo wa kihariri kilichoitwa Stevie, akauendeleza, na mwaka 1991 akaitoa Vim. Afrika Mashariki ina sehemu yake katika kisa hiki. Mwaka 1994 Moolenaar alikwenda kujitolea katika kituo cha watoto cha Kibaale, kusini mwa Uganda karibu na mpaka wa Tanzania, akifanya kazi za maji na usafi wa mazingira. Tangu hapo aliigawa Vim bure na kuwaomba watumiaji wawachangie watoto hao, na ombi la kuwasaidia watoto wa Uganda limeonekana kwenye ukurasa wa kufungulia Vim katika kompyuta za dunia nzima. Moolenaar alifariki Agosti 2023. Vim inaendelea, kwa sababu msimbo wake uko wazi na watu wengine waliweza kuushika usukani. Jambo hilo la mwisho ni zito, na litarudi.

Mpaka wa hiari: TextMate

Kuna zana zinazobaki kwenye jukwaa moja kwa sababu mtengenezaji ameamua hivyo, bila nia ya kumfunga mtu. TextMate ni mfano bora. Allan Odgaard wa Denmark aliitoa Oktoba 2004 kwa ajili ya Mac peke yake, na mwaka 2006 Apple ikaipa tuzo ya usanifu. Jumuiya ya Ruby on Rails, mfumo wa kujengea tovuti, iliikumbatia kiasi kwamba kwa miaka kadhaa TextMate ilikuwa miongoni mwa sababu za wasanidi wa tovuti kuhamia Mac.

Hoja ya wanaotetea uamuzi wa namna hii ina nguvu. Mtu mmoja au timu ndogo haiwezi kuhudumia mifumo mitatu kwa ubora uleule. Akichagua mmoja, zana huingia ndani ya mfumo huo kikamilifu: njia za mkato ni zilezile za programu nyingine, maandishi huchorwa inavyotarajiwa, programu hufunguka mara moja. BBEdit imeishi kwenye Mac tangu mwanzoni mwa miaka ya 1990 kwa mtindo huo. Upande wa Windows, Notepad++ ya Don Ho, iliyoanza 2003, imebaki nyepesi na ya haraka kwa sababu haikujaribu kuwa kila mahali.

Udhaifu ni kwamba afya ya zana hutegemea pumzi ya mtu mmoja. TextMate 2 ilisubiriwa miaka mingi. Toleo la majaribio lilitoka mwishoni mwa 2011, na Agosti 2012 Odgaard akauweka msimbo wazi chini ya leseni ya GPL. Wakati huo Sublime Text ya Jon Skinner, inayoendeshwa kwenye Windows, Mac na Linux, ilikuwa imekwishawachukua watumiaji wengi. Ilifanikiwa kuwachukua kwa urahisi kwa sababu ilisoma mafaili ya TextMate yaleyale ya rangi na sarufi za lugha. Hata leo Visual Studio Code hupaka rangi msimbo kwa kutumia sarufi za mfumo wa TextMate. Wengi wanaoitumia kila siku hawajawahi kugusa Mac, na bado wanafaidi kazi iliyoanza humo.

David Heinemeier Hansson, muundaji wa Ruby on Rails, alikaa na TextMate kwa takriban miaka ishirini. Mwaka 2024 alihama Mac kwenda Linux. TextMate haikuweza kumfuata, na safari yake ya kutafuta kihariri kingine iliishia kwenye Neovim, tawi la Vim lililoanza 2014. Aliyehama ni mtu mwenye uwezo wa kununua kompyuta yoyote aitakayo, lakini hata yeye alilazimika kujifunza upya alichokuwa akikifanya bila kufikiri. Hasara yake iliishia hapo: kwenye vidole. Msimbo wake haukupotea, wala biashara yake haikusimama. Huo ndio ukomo wa gharama ambayo mpaka wa hiari unaweza kukutoza.

Zana, lugha na jukwaa zikifungwa fungu moja

Visual Basic ni kisa kingine kabisa. Ilipotoka mwaka 1991 ilimwezesha mhasibu au mhandisi asiyesomea kompyuta kuchora dirisha la programu kwa kipanya, kubofya kitufe mara mbili na kuandika kinachopaswa kutokea. Toleo la 6, la mwaka 1998, lilibeba programu nyingi za ofisini: mishahara, stoo, risiti, orodha za wagonjwa. Watu waliipenda kwa haki, kwa maana iliwapa uwezo waliokuwa hawana.

Mwaka 2002 Microsoft ilileta Visual Basic .NET. Jina lilifanana, msingi ulikuwa mwingine, na programu kubwa za zamani hazikuweza kuhamia bila sehemu zake nyingi kuandikwa upya. Machi 2005, msaada wa kawaida wa toleo la 6 ulipokuwa ukifikia kikomo, kundi la wataalamu waliokwishatunukiwa heshima na Microsoft yenyewe lilitia saini ombi la kutaka lugha ya zamani iendelezwe. Ombi halikukubaliwa. Aprili 2008 msaada kwa mazingira ya kuandikia ulikwisha moja kwa moja. Programu zilizokwisha kujengwa ziliendelea kuendeshwa kwenye Windows, lakini chombo cha kuzirekebisha kikawa yatima.

Microsoft ilikuwa na hoja. Msingi wa zamani ulisanifiwa kabla ya intaneti kuwa uwanja mkuu wa programu, na kubeba misingi miwili kwa wakati mmoja kungekuwa mzigo. Lugha mpya ilikuwa na uwezo mkubwa zaidi. Sioni sababu ya kulikataa hilo. Kinachouma ni mgawanyo wa gharama: kampuni iliokoa kazi ya kutunza, na ofisi ndogo ndizo zilizolipa kuandika upya kilichokuwa kinafanya kazi vizuri.

Kwa nini hawakuwa na pa kukimbilia? Lugha ilikuwa na mwenye mmoja, kihariri chake kilikuwa cha huyohuyo, kompaila ni yake, na jukwaa ni lake. Hapakuwa na kompaila ya pili yenye uwezo wa kuupokea msimbo ule jinsi ulivyo. Linganisha na Pascal. Borland ilijaribu kuipeleka Delphi kwenye Linux mwaka 2001 kwa jina la Kylix, ikashindwa na kuacha. Hata hivyo wapenzi wa Pascal walikuwa na Free Pascal na baadaye Lazarus, zilizojengwa na watu huru, zinazoendeshwa kwenye Windows, Linux na Mac. Si kila programu ilihama bila maumivu, lakini mlango wa pili ulikuwapo.

Mlango wenye bawabu mmoja

Kwa msanidi wa leo, mpaka mgumu kuliko yote ni wa Apple, na hapa swali la kwanza na la pili hugongana. Anayetaka kuweka programu kwenye App Store hupitia Xcode, zana ya Apple ya kujengea programu. Xcode huendeshwa kwenye macOS. Na leseni ya macOS huruhusu mfumo huo kwenye mashine za Apple tu. Juu ya hapo kuna ada ya dola 99 kila mwaka. Google Play hutoza dola 25 mara moja, na Android Studio huendeshwa kwenye Windows, Linux na Mac.

Watetezi wa Apple husema ubora hutokana na umiliki huu. Simu, mfumo na zana hutoka mkono mmoja, kwa hiyo uwezo mpya wa iPhone huwafikia wasanidi ukiwa na maelezo na vifaa vya kuujaribia. Utaratibu wa kutia sahihi programu hupunguza udanganyifu. Wanaofanya kazi ya iPhone tu kwa kawaida hawaulalamikii mpaka huu, kwa sababu wao wako ndani yake.

Aliye nje hukutana na mnyororo. Aprili 2025 Apple ilianza kudai programu zinazopelekwa App Store zijengwe kwa Xcode 16 au toleo la juu zaidi. Xcode 16 inadai macOS Sonoma 14.5 kwenda mbele. Sonoma haiikubali rasmi MacBook Air iliyotengenezwa kabla ya 2018. Basi kijana anayenunua MacBook Air ya 2017 iliyotumika, Kariakoo au Moi Avenue, anapata kompyuta inayowaka, yenye kioo safi na betri inayoshika chaji, isiyoweza kufanya kazi aliyoinunulia. Muuzaji hana haja ya kumdanganya. Hakuna kilichoharibika, ni sharti tu limesogea, na kila mwaka husogea tena.

Njia za kuzunguka zipo na zina manufaa. React Native ya 2015 na Flutter, iliyofikia toleo la 1.0 mwaka 2018, humruhusu msanidi aandike kwenye Windows au Linux msimbo mmoja utakaotumika kwenye Android na iPhone. Lakini hatua ya mwisho ya kujenga programu ya iPhone bado hupita kwenye Mac: ya kuazima, au ya kukodi mtandaoni. Katika hesabu ya GitHub Actions, huduma ya kujenga programu mtandaoni, dakika 1 ya Mac kwa muda mrefu imekatwa kama dakika 10 za Linux. Na hitilafu inayoonekana kwenye iPhone pekee ni kazi ya mateso kuisaka ukiwa kwenye mashine isiyoweza kuungana na simu hiyo kwa zana za kuchunguzia. Kwa timu changa ambayo wateja wake wengi wanashika simu za Android, kama ilivyo Dodoma au Nakuru, fedha za Mac ya kwanza zitafanya kazi kubwa zaidi zikiwekwa kwenye seva, bando na simu za bei tofauti za kujaribia. Mac itanunuliwa pale wateja wa iPhone watakapoilipia.

Kuwa kila mahali nako kuna bei

Tangu 2015, jibu la wengi limekuwa Visual Studio Code. Ni bure, na huendeshwa kwenye mifumo yote mitatu mikuu. Katika utafiti wa Stack Overflow wa mwaka 2024 zaidi ya asilimia 70 ya waliojibu walisema wanaitumia. Kwa mwanafunzi hilo ni jambo kubwa: anajifunza kwenye Windows ya nyumbani, anaajiriwa kwenye ofisi ya Linux, na mikono yake haibadiliki.

Bei ya kwanza ni uzito. Kihariri hiki kimejengwa juu ya Electron, yaani ndani yake kuna kivinjari kizima cha Chromium. Kwenye kompyuta mpakato ya RAM ya GB 4, ikifunguliwa pamoja na kivinjari cha kawaida na seva ya kujaribia, mashine huanza kusota. Sublime Text imethibitisha kwamba timu ndogo inaweza kuhudumia mifumo mitatu bila mzigo huo, ila ni zana ya kulipia na msimbo wake umefungwa. Zed, iliyoasisiwa na watu waliotengeneza Atom, inafuata njia ya wepesi na iliufungua msimbo wake Januari 2024, lakini ililazimika kuanza na Mac, ikaja Linux Julai mwaka huohuo, na Windows mwezi Oktoba 2025. Upesi na upana haviji pamoja kwa haraka.

Bei ya pili haionekani, na kwangu ndiyo nzito zaidi. Msimbo wa Visual Studio Code uko wazi chini ya leseni ya MIT, lakini programu ambayo watu wengi huipakua hutolewa na Microsoft chini ya leseni nyingine, na soko lake la viendelezi linaruhusiwa kutumiwa na bidhaa za Microsoft za familia hiyo tu. Anayetumia VSCodium, iliyojengwa kutoka msimbo uleule, huelekezwa kwenye Open VSX ya Eclipse Foundation, ambayo haina kila kitu. Aprili 2025 watumiaji wa vihariri vilivyochipuka kutoka Visual Studio Code, kama Cursor, walikuta kiendelezi cha Microsoft cha lugha za C na C++ kimekataa kufanya kazi kwao. Leseni ilikuwa imekataza tangu zamani. Kilichobadilika ni kwamba sasa katazo lilitekelezwa. Hapa hapakuwa na mpaka wa mfumo endeshi hata mmoja, na bado watu walifungiwa nje.

Upana pia si ahadi ya uhai. Atom ya GitHub ilitoka 2014 na ikaja kuendeshwa kila mahali. Mwaka 2018 Microsoft iliinunua GitHub, Juni 2022 mwisho wa Atom ukatangazwa, na Desemba 15 mwaka huohuo mradi ukafungwa. Visual Studio for Mac nayo ilistaafishwa Agosti 31, 2024.

Mizani

Katika visa vyote hivi, mpaka wa jukwaa peke yake hautabiri madhara. TextMate ilikuwa na mpaka mkali na madhara madogo. Visual Studio Code ina mpaka mpana na utegemezi mkubwa. Kinachotabiri madhara ni kama kazi ya msanidi inaweza kutoka ndani ya zana na kuendelea kuishi: kama mafaili ni maandishi ya kawaida, kama miundo yake imeandikwa wazi, kama kuna kompaila nyingine, kama mtu mwingine anaweza kushika usukani kama ilivyotokea kwa Vim.

Hatua kubwa zaidi kuelekea huko ilikuja mwaka 2016, wakati Microsoft, Red Hat na Codenvy zilipotangaza itifaki ya pamoja ya seva za lugha. Kabla yake kila kihariri kilihitaji maarifa yake kuhusu kila lugha: vihariri kumi na lugha ishirini ni kazi mia mbili. Kwa itifaki hiyo kila lugha hujengewa seva moja na kila kihariri hujifunza kuongea nayo mara moja, hivyo kazi hushuka hadi thelathini. Neovim imekuwa na uwezo huo ndani yake tangu toleo la 0.5 la mwaka 2021, na kihariri cha Emacs tangu toleo la 29 la mwaka 2023. Kwa sababu hiyo vihariri vyenye asili ya miaka ya 1970 vinaweza leo kukamilisha maneno na kuonyesha makosa kwa maarifa yaleyale yaliyo kwenye kihariri cha kampuni kubwa. Na iliyoanzisha ni Microsoft, kampuni ileile ya soko lililofungwa. Inafaa kusifiwa kwa hili na kulaumiwa kwa lile.

Waajiri wanaolazimisha kihariri kimoja kwa timu nzima wana sababu: mgeni husaidiwa kwa urahisi, na mipangilio haitofautiani. Lakini wanalazimisha kitu kisicho sahihi. Kinachopaswa kuwa kimoja ni namna mradi unavyojengwa na kupimwa: amri chache zilizoandikwa kwenye faili, zinazofanya kazi kwenye mashine mpya isiyo na kihariri chochote. Mtindo wa kupanga msimbo nao ukae kwenye mafaili ya mradi, usikae kwenye mipangilio ya mtu. Yakiwapo hayo, mmoja atumie Vim, mwingine Visual Studio Code, wa tatu Notepad++, na hakuna atakayeumia. Yasipokuwapo, hata kama wote wanatumia zana moja, timu imejenga Visual Basic 6 yake bila kujua.

Vyuo vina wajibu mkubwa zaidi kuliko waajiri, kwa kuwa ndivyo vinavyopanda mazoea ya kwanza. Mwanafunzi aliyefundishwa kwamba kuandika programu ni kubofya kitufe cha kijani kwenye dirisha fulani hajui kilicho nyuma ya kitufe, na siku dirisha likibadilika hana pa kuanzia. Afundishwe kompaila kwa mstari wa amri kwanza, apewe kihariri kinachoendeshwa kwenye mashine aliyonayo, kisha ajue misingi ya vi, kwa sababu karibu kila seva ya Unix atakayoingia itakuwa nayo. Baada ya hapo achague anachokipenda na akizamie.

Kwa timu iliyokwisha kujifunga, kazi ya kuanza nayo ni ndogo na ya kuchosha: kutoa data zote kwenye muundo unaosomeka bila programu yenyewe, kuandika amri za kujenga, na kumpa mtu mmoja mashine tofauti ajaribu kuzifuata. Atakwama mahali. Hapo alipokwama ndipo pa kurekebisha wiki hii, wakati mwenye zana bado anapokea simu.